Leseni anayo, breki hajui: uchambuzi wa ajali moja ya bodaboda Morogoro

Bodaboda akianguka, watu wakishakusanyika, haichukui dakika utasikia mtu anauliza: ana leseni huyo? Katika kisa hiki jibu lilikuwa ndiyo. Leseni ilikuwa mfukoni, daraja A, muda wake haujaisha. Bima ipo. Kofia ngumu kichwani, na mkanda wake umefungwa. Hakuwa amekunywa, hakubeba mishikaki (abiria zaidi ya mmoja), hakupita kushoto kwa lori. Trafiki angemsimamisha kabla hajampakia abiria wake, angemwachia aende zake. Hata hivyo mguu wake wa kushoto ulivunjika na abiria wake akashonwa kichwani.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu hiyo hiyo. Ajali ya asiye na leseni huishia kwenye sentensi moja, "hakuwa na leseni", kisha kila mtu anatawanyika akiwa ameridhika. Hii hairuhusu njia hiyo ya mkato. Mimi kazi yangu ni kufundisha udereva, na kijana mwenyewe alikubali nikae naye nimuulize yote, kwa sharti kwamba jina lake na la kijiwe chake yasitajwe.

Ilikuwa barabara ya Dodoma, upande wa Kihonda, wakati wa magharibi, saa 12 na nusu hivi. Lami kavu. Kijana, miaka 23, anatoka Msamvu na mama mmoja anayerudi nyumbani na vitu vyake vya sokoni. Mbele yao, upande wa pili wa barabara, kuna gari aina ya Noah imewasha indiketa ya kulia, inasubiri kukata iingie mtaani. Dereva wa Noah akaona mwanya, akakata. Baadaye alisema neno lile lile wanalosema wote: sikumwona. Na pengine ni kweli, maana taa ya mbele ya pikipiki ilikuwa imezimwa, na kigiza kile cha magharibi kinaimeza pikipiki nyeusi yenye dereva mwenye jaketi jeusi.

Kijana yeye aliiona Noah. Alikuwa kwenye kasi ya "kama hamsini". Akakanyaga breki kwa nguvu zake zote. Tairi la nyuma likajifunga, pikipiki ikaanza kutembea kiubavu, ikalala, na wote wawili wakaserereka nayo mpaka kwenye mlango wa Noah. Mama alikuwa hana kofia. Kofia ya pili ilikuwepo, imening'inizwa kwenye usukani, kwa sababu mama alikuwa amesuka siku hiyo na hakutaka kuivaa, na kijana hakutaka kukosa abiria.

Kesho yake asubuhi nilikwenda kutazama pale. Alama zilikuwa bado zinasomeka. Mstari mmoja mweusi, ulioanza umenyooka kisha ukapinda kwenda kushoto. Baada yake mikwaruzo myeupe ya chuma juu ya lami, mahali pedali na usukani vilipochimba. Halafu vipande vya taa iliyovunjika. Kutoka mstari ulipoanza mpaka kwenye vile vipande nilihesabu hatua 26, karibu mita 20.

Hizo mita 20 ndizo kisa chenyewe. Pikipiki inayokwenda kilomita 50 kwa saa hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kwenye lami kavu, dereva anayetumia breki zote mbili sawasawa anaweza kusimama ndani ya mita 15 hivi tangu breki ziliposhika. Anayetumia ya nyuma peke yake anahitaji karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo kijana huyu hakuchelewa kuona, wala hakuchelewa kuamua. Alianza kufunga breki akiwa na nafasi ya kutosha kusimama kabla ya kuifikia Noah. Nafasi aliyokuwa nayo aliimaliza kwa mguu, yaani breki ya nyuma, na mkono wake wa kulia, wenye breki ya mbele, haukufanya kitu.

Hata angeutumia usingesaidia. Pikipiki ilipokuwa bado imeegeshwa kituo cha polisi nilivuta breki ya mbele, ile ya mkono, ikaja mpaka ikagusa gripu bila kushika chochote. Waya ulikuwa umelegezwa. Si kwamba ulikatika au umechakaa. Fundi aliulegeza kwa ombi la dereva, wiki ile ile alipokabidhiwa chombo.

Nilipomuuliza kwa nini, alinitazama kama niliyeuliza kwa nini watu hawalambi pasi ya moto. "Ile inapindua, mwalimu."

Nani alimwambia? Kila mtu. Kaka yake aliyemfundisha kwenye uwanja wa mpira, jioni tatu nne, kwa pikipiki ya kuazima. Wenzake wa kijiwe. Na uwanja wenyewe ulimthibitishia: juu ya vumbi na changarawe, ukivuta breki ya mbele kwa pupa huku usukani umekata kona, gurudumu la mbele linateleza na unakwenda chini. Aliwahi kuanguka hivyo siku ya kwanza. Kwa hiyo somo alilolipata uwanjani ni la kweli, kwa uwanjani. Shida ni kwamba analitumia kwenye lami, kasi ya hamsini, na mtu nyuma yake. Kule mambo yanageuka. Kila aliyewahi kusimama ndani ya daladala anajua: dereva akifunga breki, abiria wote mnakwenda mbele. Uzito wa pikipiki nao unafanya hivyo hivyo, unakimbilia gurudumu la mbele na kulikandamiza barabarani, na la nyuma linabaki jepesi. Breki yenye kazi ni ile iliyo juu ya gurudumu lenye uzito. Ukilifunga lile jepesi, linaacha kushika lami.

Na hili si tatizo la Kihonda. Mwaka 1981 Marekani ilichapishwa ripoti ya Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, aliyeongoza timu iliyochunguza ajali 900 za pikipiki eneo la Los Angeles, nyingi wakifika pale pale barabarani. Soma matokeo yake halafu urudi kwenye ule mstari mweusi. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali hawakuwa wamepita mafunzo yoyote rasmi. Walijifundisha wenyewe au walifundishwa na ndugu na marafiki. Walipojaribu kukwepa, wengi walifunga kupita kiasi breki ya nyuma na kuiacha ya mbele. Mwendeshaji wa kawaida alikuwa na chini ya sekunde 2 za kufanya lolote. Katika ajali za pikipiki na gari, theluthi mbili kosa lilikuwa la mwenye gari aliyeingilia njia ya pikipiki. Noah na kijana wetu wangeingia kwenye ripoti ile bila kubadilishwa kitu, na barabara zile zina magari ya nchi nyingine na karne iliyopita.

Sasa turudi kwenye leseni. Aliipataje?

Hakuinunua. Nasema hivyo mapema kwa sababu najua wasomaji wengi mmeshafika huko. Alipita njia inayokubalika: mafunzo ya pamoja yaliyoandaliwa kwa bodaboda wa kata, siku chache, ukumbini, cheti mwishoni, leseni ya kujifunzia, kisha mtihani mbele ya askari, kisha Mamlaka ya Mapato (TRA) kwa ajili ya malipo na kadi. Mafunzo ya namna hii yamekuwa mengi tangu kanuni za mwaka 2010 zilipoziruhusu rasmi pikipiki kubeba abiria kwa biashara. Wakati mwingine mheshimiwa fulani anachangia ada, hasa uchaguzi ukikaribia. Sina ugomvi na mheshimiwa. Ada ni mzigo kwa kijana anayepeleka hesabu ya shilingi 10,000 kila siku kwa tajiri wake, yaani mwenye pikipiki, na mkataba wa mwaka na zaidi uko mbele yake.

Aliniambia alichofundishwa, na alikumbuka vizuri: alama za barabarani, sheria, adhabu, huduma kwa mteja, jinsi ya kuvaa kofia, madhara ya mishikaki. Somo la alama analijua kuliko madereva wengi wa magari ninaowafahamu. Mtihani wa vitendo ulikuwa kuzunguka koni, kupita kwenye mstari mwembamba bila kuweka mguu chini, kuonyesha ishara, kusimama kwenye mstari. Yote kwa gia ya kwanza na ya pili.

Kwa gia ya pili huhitaji breki ya mbele. Unaweza kufaulu mtihani ule wote kwa mguu mmoja, na waya wa mbele umening'inia. Yeye alifaulu hivyo hivyo, na hakuna aliyemdanganya mwenzake: mwalimu alifundisha kilichoko kwenye mtihani, askari akapima kilichofundishwa, TRA ikatoa kadi ya mtu aliyefaulu. Kila mkono ulifanya kazi yake. Ila kitu atakachokihitaji siku ya Noah hakikuwepo kwenye mikono yote mitatu.

Wanaodai "mafunzo zaidi" wanapaswa kusoma na upande wa pili wa ushahidi, nao hauwafurahishi. Mwaka 2010 Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za afya, walikusanya tafiti 23 kuhusu mafunzo ya waendesha pikipiki na wakashindwa kusema kwa uhakika kwamba yanapunguza ajali. Tafiti nyingi zilikuwa dhaifu. Dokezo moja waliloliona ni kwamba mafunzo ya lazima kabla ya leseni huenda yanapunguza ajali kwa njia ya kuzunguka: wengine wanakata tamaa na hawaendeshi kabisa. Kwa Ulaya sawa. Kwa Morogoro, kijana aliyekatishwa tamaa na gharama za leseni hatakwenda kupanda basi. Ataingia barabarani bila leseni, atafanya kazi ya deiwaka, kumshikia mwenzake chombo kwa muda, usiku, trafiki wakiwa wamelala.

Kuna na mafunzo yanayoharibu. Norwei, miaka ya 1980, walilazimisha madereva wapya wa magari kujifunza kuendesha kwenye utelezi. Ajali za vijana wa kiume kwenye utelezi ziliongezeka. Walitoka na ujasiri mwingi kuliko ujuzi. Bodaboda wetu hawana upungufu wa ujasiri, kwa hiyo sitaki kuona kozi ya kuwafundisha kuchezea pikipiki. Ninachokitaka ni kidogo na kinachosha: kusimama. Kusimama kwa breki mbili, kwa kasi halisi, mara nyingi, mpaka mkono uvute bila kuulizwa. Na pamoja na hilo, kusoma makutano: gari lililosimama katikati limewasha indiketa ya kulia ni gari litakalokata. Unaachia mafuta kabla, vidole vinakuwa juu ya breki, taa imewashwa. Ripoti ile ya 1981 ilikwishaona kwamba taa ya mbele iliyowashwa hata mchana inapunguza kuingiliwa. Ni swichi tu. Kijana wetu alikuwa anaizima ili, kama alivyosema, "balbu isiungue".

Je, mtihani unaweza kupima kusimama? Unaweza. Nchi za Umoja wa Ulaya zinadai mtahiniwa wa pikipiki afunge breki ya dharura kutoka kilomita 50 kwa saa, na akwepe kizuizi kwa kasi hiyo hiyo. Uingereza ilipoanza kufanya hivyo mwaka 2009 iligundua kwamba viwanja vyake vya mitihani ni vidogo, ikabidi vijengwe vingine, na watu wakalalamika kwa miaka kwamba vipo mbali. Gharama ipo, siifichi. Lakini sisi tunaweza kuanza na 40, kwenye lami ya stendi kabla mabasi hayajaanza kutoka, au kwenye barabara mpya ya mtaa iliyofungwa kwa saa mbili Jumapili.

Nasema inawezekana kwa sababu kijiwe chake kilifanya. Wazo lilikuwa la mwenyekiti wao, mzee wa kazi, aliyenipigia simu wiki moja baada ya ajali: "Mwalimu, njoo utuoneshe hiyo breki unayoisema." Tulipata kipande cha lami ndani ya yadi moja ya malori, Jumapili asubuhi, lango limefungwa. Kabla ya lolote tulimwita fundi akaze waya za mbele. Pikipiki zilizohitaji kukazwa zilikuwa zaidi ya nusu ya zilizokuja. Fundi alicheka akasema nyingine amezilegeza yeye mwenyewe.

Kisha kazi. Unakuja kwa 20, unavuta mkono taratibu, unakanyaga mguu, unasimama. Unarudi. Halafu 30. Halafu 40. Kosa lao la kwanza lilikuwa moja kwa wote: wananyakua. Breki ya mbele ukiinyakua gurudumu linajifunga kabla uzito haujafika mbele. Unaibana kwanza, unasubiri uone shokapu za mbele zinazama, ndipo unaongeza. Wale wakongwe ndio walikuwa wagumu zaidi. Mmoja mwenye miaka mingi barabarani alikataa kabisa kugusa mkono mpaka akaona vijana wanasimama nusu ya umbali wake, kwenye chaki tuliyochora chini. Akarudia mwenyewe, kimya, baada ya wengine kwenda kunywa chai. Mwishoni tukarudia na abiria mgongoni, maana abiria anabadilisha kila kitu: pikipiki inakuwa nzito, naye anakusukuma mbele unaposimama. Hakuna mtihani ninaoujua hapa nchini unaompa mtahiniwa abiria, wakati kazi anayoombea leseni ni ya kubeba abiria.

Sitadai kwamba asubuhi ile imeokoa mtu. Kijiwe kimoja hakithibitishi kitu. Ninachoweza kusema ni kile nilichokiona kwenye alama za chaki.

Upande wa chombo chenyewe, kuna jambo linaloniudhi. Pikipiki nyingi za biashara tunazotumia asili yake ni India. Na India tangu mwaka 2019 pikipiki mpya yenye injini inayozidi cc 125 lazima iwe na ABS, mfumo unaozuia gurudumu kujifunga. Na iliyo chini ya hapo lazima iwe walau na breki zilizounganishwa, ambapo ukikanyaga ya nyuma na ya mbele inashika kidogo. Yaani wenzetu wameshakubali kwamba binadamu akishtuka atatumia mguu, wakaifanya pikipiki imsamehe. Ya kijana huyu haikuwa na kimojawapo. Sharti kama hilo likiwekwa mlangoni, kwenye forodha, bei itapanda, na tajiri wa mkataba ataihamishia kwenye hesabu ya kijana. Bado nalitaka, ila lisitufanye tusahau mtihani.

Na ile kofia kwenye usukani? Hapo ushahidi hauna utata. Kofia ngumu inapunguza hatari ya kufa kwa asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Hizo ni hesabu za Cochrane za mwaka 2008. Mama aliumia mahali pale pale kofia ingekaa. Sheria ilikuwa wazi na dereva aliijua. Kilichokosekana ni uwezo wa kumwambia mteja "bila kofia sikubebi" wakati wenzake watano wamejipanga nyuma yake wakimsubiri akatae. Hilo halifundishwi na mwalimu. Linawezekana kijiwe kizima kikikubaliana, na kijiwe hiki kilikubaliana. Utekelezaji unalegalega siku za mvua na siku za sikukuu, lakini upo.

Walikubaliana na jingine, ambalo naliona ndilo la maana zaidi kuliko hata ile Jumapili. Mgeni wa kijiwe habebi abiria miezi mitatu ya mwanzo. Anabeba mizigo, vifurushi, gesi, maji, na giza likiingia anaegesha. New Zealand walianza utaratibu wa leseni za hatua kwa hatua mwaka 1987, wenye masharti ya usiku na ya abiria, na wanapikipiki wa miaka 15 hadi 19 waliolazwa hospitalini walipungua kwa asilimia 22. Watafiti walisema sehemu kubwa ni kwamba vijana hao waliendesha kidogo. Kwetu kuendesha kidogo maana yake ni kula kidogo, ndiyo maana sharti la mizigo kwanza lina akili: linamwachia riziki, linamwondolea roho ya mtu mgongoni wakati bado anajifunza. Hakuna daraja la leseni linalosema hivyo leo. Madaraja yetu ya pikipiki, A, A1, A2 na A3, yanatenganisha vyombo kwa ukubwa wa injini, uzito na idadi ya magurudumu. Kati ya kijana aliyepata kadi jana na yule mwenye miaka kumi barabarani, kadi haioni tofauti.

Askari aliyepima eneo aliandika kosa kwa dereva wa Noah, na alikuwa sahihi. Bima ya Noah ndiyo inayoshughulikia matibabu ya mama, polepole. Kijana ameanza kukanyagia mguu, chuma bado kimo ndani. Tajiri wake alishaitengeneza pikipiki na kumkabidhi mwingine, mwenye miaka 19, ambaye naye leseni anayo. Mwenyekiti amemwambia aniletee hiyo pikipiki kabla hajaanza kazi, niangalie waya wa mbele.